Acheni Malkia Ainame

Kwa wahariri wakuu wa nyumba za uchapishaji, wajumbe wa kamati zinazoteua vitabu vya kusomwa shuleni, na wazalishaji wa tamthilia

YAH: MALKIA ANAYEVUA TAJI KWA HIARI YAKE

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mswada wangu wa riwaya umerudishwa mara tatu. Mara zote tatu, pembezoni mwa sura ya saba, nimekuta swali lilelile limeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Anaondoka kwa nini? Hakuna aliyemfukuza." Sitaitaja nyumba iliyourudisha, kwa sababu siandiki kushtaki. Wahariri wake walinisoma kwa makini, walinisahihishia hata mikato, na waliponikatalia walinikatalia kwa heshima. Ninaandika kwa sababu waandishi wenzangu niliowaonyesha maandishi yale mekundu waliniambia kuwa nao wamewahi kuulizwa hivyohivyo, na kwa sababu ninyi ndio mnaoamua hadithi ipi itoke na ipi ibaki kwenye droo.

Riwaya inamhusu Zuhura, malkia wa nchi isiyokuwepo kwenye ramani yoyote. Alitawazwa akiwa na miaka 19, akatawala miaka 31. Nchi yake haina njaa wala vita. Jeshi linamtii. Raia wanampenda, na si mapenzi ya kulazimishwa. Katika sura ya saba anavua taji, analiweka mezani, anamkabidhi mpwa wake mhuri, halafu anatoka nje. Kitabu kina sura 15. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya kitabu ni maisha ya mwanamke ambaye si malkia tena, na hapo ndipo tuliposhindwa kuelewana.

Mara ya kwanza nilishauriwa nimtafutie mpenzi. Awe amempenda mtu asiyeruhusiwa kuolewa naye, ndipo msomaji ataelewa. Sikatai kuwa hutokea. Edward VIII wa Uingereza aliacha kiti Desemba 1936 ili amwoe mwanamke ambaye serikali na kanisa havikumtaka awe malkia. Lakini kama kila anayeondoka lazima awe na mpenzi nyuma ya pazia, basi tunasema mwanamke hawezi kufikia uamuzi mkubwa bila mwanamume kusimama mwisho wake. Mara ya pili nilishauriwa niweke njama: waziri mwenye uchu, kikombe chenye sumu, walinzi walionunuliwa. Hilo nilijaribu kwa wiki mbili, nikalifuta lote.

Ushauri wa tatu ndio ulioniuma. Niliambiwa nimrudishe. Sura ya mwisho nchi iingie hatarini, mpwa ashindwe, watu walie, Zuhura apande farasi aje awaokoe. Nilikaa na barua ile siku nyingi. Mtu ameshinda jambo gumu kuliko yote, la kuamini kwamba watu wanaweza kuishi bila yeye, halafu mimi niliyemuumba nigeuke niwathibitishie wasomaji kwamba alijidanganya?

Naomba basi nijibu swali la kalamu nyekundu, kwa sababu jibu lilikuwamo kwenye mswada tangu mwanzo, ila halikuwa na upanga ndani yake.

Katika sura ya tano Zuhura anasikiliza shauri la ndugu wawili wanaogombea kisima. Wa kwanza anazungumza. Wa pili anaanza, na kabla hajafika nusu Zuhura ameshatoa hukumu. Yule wa pili anainama, anashukuru, anaondoka. Usiku Zuhura hapati usingizi, kwa sababu hakumbuki hata neno moja alilosema yule mtu. Asubuhi anamwita karani amsomee kumbukumbu za baraza. Kumbe yule ndugu wa pili alikuwa akieleza kwamba kisima alikichimba yeye, mwaka ambao kaka yake hakuwepo nchini. Zuhura anatengua hukumu mbele ya watu wote. Na baraza zima linamsifu kwa hekima ya kutengua, kwa sauti ileile na maneno yaleyale yaliyomsifu jana yake kwa hekima ya kuhukumu.

Hapo ndipo anapojua. Amefika mahali ambapo akikosea anasifiwa, akijisahihisha anasifiwa, na hakuna tena mtu hata mmoja katika nchi ambaye uso wake utamwonyesha tofauti. Anasubiri miaka miwili zaidi, anamfundisha mpwa wake, kisha anavua taji. Hakuna aliyemfukuza, kweli. Aliondoka kwa sababu hakuna ambaye angethubutu kumfukuza.

Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili kuliko tunavyolijua sisi. Aliyevua taji ametenda, aliyevuliwa ametendwa, na kinachowatenganisha hakifiki hata neno zima. Kuuzulu ni kumwondoa mtu kwenye cheo. Ingiza -ji- na mtu anajiondoa mwenyewe. Kuacha si kuachia, na kuachia si kuachishwa. Mwalimu Nyerere alipomwachia urais Ali Hassan Mwinyi mwaka 1985, tulipata na neno la ziada kutoka Kizanaki, kung'atuka, na watu wakalipokea kana kwamba nafasi yake ilikuwa wazi siku zote. Lugha yenye maneno yote haya haiwezi kushindwa kubeba hadithi moja ya malkia aliyeamua.

Na tunapoyachanganya maneno haya tunamdhulumu pia yule aliyeondolewa kwa nguvu. Malkia Liliuokalani wa Hawaii alipinduliwa Januari 1893 na kundi la wafanyabiashara, huku askari wa manowari ya Marekani wakiwa wameteremshwa mjini. Hati ya kujiuzulu aliitia saini miaka miwili baadaye, Januari 1895, akiwa mfungwa, na yeye mwenyewe alieleza kuwa alisaini ili wafuasi wake waliokamatwa wasiuawe. Mary wa Uskoti alisaini ya kwake Julai 1567 akiwa amefungiwa katika ngome iliyo kisiwani ziwani, na mtoto aliyerithi taji alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Karatasi zote mbili zinasema kujiuzulu. Wanawake hao walivuliwa. Tukizoea kuamini kwamba kila malkia anayeondoka amesukumwa, siku tunapokutana na aliyesukumwa kweli hatushtuki tena.

Sasa niseme juu ya sura ya nane, ambayo ilikatwa yote. Kurasa 11 zilichorwa mstari mmoja mrefu wa mshazari, na chini yake pakaandikwa, "Hakuna tukio." Nawaomba mnivumilie hapa, maana sura hii ndiyo sababu ya kitabu.

Niliipata kutoka kwenye jambo dogo. Mwaka 2018 Malkia Elizabeth II wa Uingereza alizungumza kwenye televisheni kuhusu taji alilokuwa akilivaa anapofungua bunge. Akaeleza kwamba ukiwa nalo kichwani huwezi kuinama kusoma hotuba. Inabidi karatasi uinyanyue, ama sivyo shingo itavunjika. Taji hilo lina uzito wa kilo moja na kidogo. Lile la kutawaziwa, la Mtakatifu Edward, linazidi kilo mbili. Niliwaza juu ya shingo ile kwa muda mrefu. Miaka na miaka mtu anafunzwa kuwa kilicho chini hakitazamwi; kama ni cha maana kitainuliwa kifikishwe mbele ya macho yake.

Basi katika sura ya nane, siku ya nne tangu avue taji, Zuhura anakaa kibarazani akisoma barua ya mpwa wake. Ameishika juu, usawa wa macho, mikono yote miwili. Mtoto wa jirani, wa miaka mitano, anamtazama kisha anamuuliza, "Mbona unasoma kama unachungulia dirishani?" Zuhura hana jibu. Mtoto anachechemea, ana mwiba kwenye unyayo. Anaketi chini mbele yake, ananyoosha mguu kama watoto wanavyonyoosha kwa mtu mzima yeyote, bila kuomba. Zuhura anachukua sindano. Anajaribu kuuinua ule mguu mpaka usawa wa macho yake, mtoto anaanguka chali na kupiga kelele. Hapo anaelewa kuwa inambidi ashuke yeye. Anapiga magoti. Anainamisha kichwa, na shingo inamuuma kuanzia kisogoni mpaka katikati ya mgongo, maumivu ya mlango uliofungwa miaka 31. Unyayo wa mtoto una vumbi na mistari midogo. Ncha ya mwiba inaonekana, nyeusi, ndogo kuliko punje ya ufuta. Mikono inamtetemeka. Inamchukua muda mrefu sana, na mtoto anampa maelekezo.

Kurasa 11 ni hizo. Mhariri hakuona tukio. Mimi sijawahi kuandika tukio kubwa kuliko hilo.

Tunawafundisha watoto kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tunamwambia mwenye shida, mwombaji, mwanafunzi, mdogo. Sijasikia ikiambiwa mtu aliyeketi juu. Zuhura anakitaka kitu kilichoko mvunguni: anataka kusikia tena sauti ya mtu asiyemwogopa. Hakuna njia nyingine ya kukifikia.

Najua mtaniambia kuwa hizi ni ndoto za mwandishi, na kwamba maisha baada ya taji hayana cha kusimulia. Chukueni basi maisha ya Christina wa Uswidi. Alirithi kiti mwaka 1632 akiwa hajatimiza miaka sita, baada ya baba yake kuuawa vitani. Juni 1654, akiwa na miaka 27, aliingia katika ukumbi wa kasri la Uppsala amevaa mapambo yote ya kifalme, ili avuliwe kimoja kimoja. Inasimuliwa kwamba ilipofika zamu ya taji, mtukufu aliyepangiwa kulitoa, Per Brahe, hakuweza kusogea. Christina akainua mikono akalitoa mwenyewe.

Wengi husimamisha masimulizi hapo, au wakivuka hapo humpandisha farasi na kumwacha avuke mpaka. Lakini hesabuni wenyewe. Alikuwa malkia kwa miaka 22. Aliishi miaka 35 baada ya hapo. Sehemu kubwa ya maisha yake iko upande ule ambao hatuusimulii, na ni maisha yaliyojaa: alibadili dhehebu akawa Mkatoliki, jambo zito kwa binti wa mfalme aliyefia vitani akiongoza majeshi ya Kiprotestanti, akahamia Roma, akakusanya vitabu na michoro, akawalea wanamuziki. Tena hakuwa mtakatifu. Alitamani taji la Naples, na mwaka 1668 akalitaka la Poland. Novemba 1657, akiwa mgeni huko Fontainebleau nchini Ufaransa, aliamuru mtumishi wake Monaldeschi auawe kwa usaliti, akishikilia kwamba yeye bado ni malkia na ana haki ya kuhukumu. Mikono iliyovua taji ilikuwa haijasahau kuamuru.

Huyo ndiye mtu ambaye fasihi inamhitaji. Cheo kinaweza kuvuliwa mchana mmoja ukumbini, lakini mazoea ya cheo yanakaa mwilini miaka. Wapi tutalionyesha hilo kama kitabu kinafungwa mara taji linapogusa meza? Hata Zuhura wangu, katika sura ya kumi, anamkatisha jirani yake katikati ya sentensi na kutoa uamuzi ambao hakuna aliyemwomba. Jirani anamjibu, "Sijamaliza." Kwa miaka 31 hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo.

Wapo pia walioondoka kimya. Uholanzi mama, binti na mjukuu walipokezana: Wilhelmina mwaka 1948, Juliana mwaka 1980, Beatrix mwaka 2013, na kila mmoja aliacha kuitwa malkia akarudi kuitwa binti mfalme, kama alivyoitwa utotoni. Wilhelmina alikuwa malkia tangu akiwa na miaka kumi. Na tarehe 14 Januari 2024, Margrethe II wa Denmark, miaka 52 kamili tangu arithi kiti, aliketi penye kichwa cha meza ya baraza, akasaini, akainuka, mwanawe Frederik akaketi palepale alipotoka. Akamwombea ulinzi wa Mungu mfalme mpya, akatoka chumbani. Denmark haikuwa imeona mtawala akiondoka kwa hiari yake kwa karibu miaka 900. Kila mtu siku hiyo alimtazama mfalme. Mimi nilibaki nautazama ule mlango. Nilitaka kujua alipofika upande wa pili alifanya nini kwanza, aliketi wapi, nani alimsalimu na kwa jina gani.

Sasa niwageukie wajumbe wa kamati za vitabu vya shule, kwa sababu nilifundisha fasihi kabla sijaanza kuandika, na deni langu kubwa liko huko. Nilikuwa nimesoma na wanafunzi hadithi nyingi za wafalme na malkia. Wote walikufa kitini, au waliuawa, au walipinduliwa. Siku moja msichana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hakunyoosha mkono, aliuliza: "Mwalimu, kwani wao huwa hawachoki?" Darasa lilitulia. Nilijibu kitu juu ya msuko na mgogoro, kwamba hadithi inahitaji kilele. Lilikuwa jibu sahihi la mtihani, na nililionea aibu kabla hata sijafika mlangoni. Yule mtoto alikuwa ameuliza swali la kweli kabisa. Alikuwa anauliza kama kuna mlango wa kutokea, na mimi mwalimu wake sikuwa na hadithi hata moja ya kumwonyesha.

Watoto wale watakuwa viranja, wenyeviti, wakurugenzi, wazazi. Kila mmoja wao siku moja atashika kitu ambacho itambidi akiachie. Kama hadithi zote walizosoma zinasema kuondoka ni kufa au kushindwa, kwa nini tushangae wanapong'ang'ania mpaka kucha zinatoka?

Ninachoomba si kikubwa. Wahariri, mswada wa namna hii ukifika mezani kwenu, msianze kwa kuuliza nani kamfukuza. Ulizeni kaamkaje kesho yake. Mkiona kurasa hazina upanga, zisomeni mara ya pili polepole, halafu mkikata kateni kwa sababu zimeandikwa vibaya. Zangu nyingine zilikuwa mbaya kweli. Sura ya kumi na mbili niliipunguza nusu kwa ushauri wenu na nawashukuru. Wazalishaji wa tamthilia, mna mfululizo wa vipindi mpaka 200 vya fitina za ikulu. Tupeni vipindi kumi tu vya mwanamke aliyetoka humo akiwa hai, mwenye akili timamu, mwenye hasira zake na makosa yake, anayejifunza kusubiri zamu. Waigizaji wazuri mnao. Mwigizaji mzuri ataweza kutuonyesha shingo ile bila kusema neno.

Na ninyi wa kamati, katika orodha ndefu ya vitabu mnavyopitisha, kiwepo japo kimoja ambamo mtawala anaondoka kwa miguu yake na kitabu kinaendelea. Kisiwe changu kama hakifai. Kiwe cha mtu yeyote. Ila msikubali kisicho na upande wa pili wa mlango.

Nimeutuma tena mswada wiki hii, kwa mara ya nne, kwa nyumba ileile. Zuhura harudi kitini. Hana mpenzi wa siri, ingawa katika sura ya kumi na nne kuna mtu anayemchekesha. Sura ya nane nimeirudisha mahali pake, kurasa zote 11, mtoto na mwiba wake.

Wenu katika kazi ya maandishi,

Mwandishi wa mswada uliorudishwa mara tatu